Kuzeekea Pwani

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilisogeza umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60, na Pwani ikapata muda wa kujiandaa. Sasa wastaafu wa bara wanateremka. Utawajua pale Marikiti, Mombasa: kofia ya ukindu, kaptura mpya, na swali kwa muuza viungo. Kuzeekea wapi ni bora: Nyali, Mtwapa, Kilifi au Diani? Malindi wanaihofu, wasije wakalazimika kujifunza Kiitaliano uzeeni.

Muuza viungo, ambaye kazi yake haina pensheni wala barua ya kuagwa, humpimia bwana mkubwa iliki na kumjibu kwa adabu: "Kote kuzuri, mzee wangu." Hamwambii kwamba baadhi ya maji ya mji huu hutoka Mzima, kule Tsavo, na mferejini huja yakitaka. Wala kwamba joto la kaskazi halijui nani alikuwa mkurugenzi. Ya foleni ya feri ya Likoni atajionea mwenyewe.

Humuuliza tu kama amepata kiwanja.

"Nishanunua, kwa simu."

Hapo humwongezea iliki kidogo, ya bure.