Kila Siku 14 Tunahama

 

Leo tumeondolewa jangwani. Hatukugombana na mtu, ni siku zetu 14 tu zimekwisha. Hapa Quartzsite, Arizona, kwenye ardhi ya serikali unakaa bure, ila siku hizo zikitimia sheria inakutaka usogee maili 25, kama kilomita 40 hivi. Mjomba, hapo ni kutoka Nachingwea na Ruangwa unaanza kuinusa. Ukifika unakuta jangwa lile lile, mawe yale yale, na jirani yule yule aliyehamishwa juzi.

Mzee ninayemhudumia ana nyumba nzuri huko kaskazini kwenye theluji. Baridi ikianza anaifunga, anapanda gari-nyumba na kuja kuishi porini, yeye na maelfu ya wastaafu wenzake. Lipo eneo la kulipia, dola 180, unakaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili bila bughudha. Mzee anasema huo ni wizi. Mafuta tunayochoma kwa kuhamahama hayamo katika hesabu zake. Nami niliyeapa sitalala tena shambani kulinda korosho, sasa nalipwa kulala porini pasipo hata mkorosho mmoja.

Sasa nije kwenye choo. Kimo ndani ya gari, hatua mbili kutoka jikoni, na kila kitu kinashukia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Ukutani kuna kibao cha taa cha kuonyesha tangi limefikia wapi. Chetu kinasema limejaa. Tukimwaga, limejaa. Tukisuuza, limejaa. Mzee anasema ni karatasi imegandia kwenye kipimo ndani. Majirani hawashangai, maana vibao vyao navyo vinadanganya, na bado kila asubuhi wanavibonyeza kwa imani. Kipimo cha kweli ni pua. Ikishatoa uamuzi, tunakwenda kupanga foleni kwenye kituo cha kumwagia, navaa glavu, naunga bomba. Kwanza unafungulia tangi la choo, halafu la maji ya vyombo ili yasafishe bomba. Jioni wastaafu, watu wazima wenye vyeo vyao, wanaota moto na kujadili jambo hilo hilo hadi usiku. Shangazi, uliwatangazia watu kwamba mwanao anasomea uuguzi. Endelea kuwatangazia hivyo hivyo.

Usiku baridi inakaribia kugandisha maji. Nalala na soksi, kofia na khanga yako juu. Kukicha jua likiwaka, nawaambia majirani sisi watu wa Lindi joto halitutishi. Habari za usiku siwapi.

Makaburini hapa amezikwa Haji Ali, mchunga ngamia aliyefika mwaka 1856, jeshi la Marekani lilipotaka ngamia wabebe mizigo jangwani. Mradi ukafa, yeye akabaki hadi alipofariki mwaka 1902. Juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia. Nikamsimulia mzee kwamba nasi Nachingwea tulikuwa na la kwetu: mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, wakaleta mitambo ya kung'oa miti, reli ikajengwa, na mwaka 1951 wakautupilia mbali. Akauliza kama reli ipo. Nikamwambia iling'olewa zamani. Akatikisa kichwa, akasema serikali ni serikali. Siku hiyo tulielewana kuliko siku zote.

Ombi langu ni moja. Mtu wa kwetu akipata safari ya huku, mpeni korosho zilizokaangwa aniletee. Za hapa zinauzwa kwenye vikopo, na mkulima wa Ruangwa akiona bei yake, mnada ujao atakaa na magunia yake nyumbani. Ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, msiitume, forodhani hawatairuhusu. Ileni kwa niaba yangu, na msinipigie simu mkiwa mnatafuna.