Jogingi ya Ukweni

Mtu aliyezaliwa mlimani akikwambia njia ni tambarare, msikilize, mshukuru, halafu rudi kitandani. Mimi sikurudi. Ndiyo maana naandika haya nikiwa nimekalia upande mmoja tu wa makalio.

Iko hivi. Mke wangu ni Mmeru wa Akheri, pale juu ya Tengeru, Arusha. Mimi ni mtoto wa Temeke, nimekulia mahali ambapo mwinuko mkubwa kuliko yote ni tuta la barabarani. Tukienda ukweni likizo, ratiba yangu naijua: mtori, usingizi, mtori. Safari hii shemeji, mdogo wake mke wangu, alinitazama tumboni nikishuka kwenye basi. Hata mkono hajanipa. "Shem, Jumamosi tunapiga tizi Duluti. Usiogope, kuna njia ya kila mtu."

Njia ya kila mtu! Na mimi nikaamini.

Shemeji ana njia zake kazipanga kwa madaraja. Daraja la juu ni la wenyewe: unatoka Tengeru, unapanda migombani na kahawani mpaka Nkoaranga, Mlima Meru uko mbele yako muda wote. Mlima una zaidi ya mita 4,500, na wale vijana wanakimbia kuuelekea kwa hiari yao. Hakuna anayewafukuza. La kati ni kulizunguka Ziwa Duluti kwa kijia cha msituni. La chini ni barabara ya vumbi kutoka lami mpaka geti la ziwa, unageuza, basi. Hilo alisema ni la wazee, wajawazito na wageni. Aliposema wajawazito akatazama tena tumbo langu. Watoto wa nyumba nzima wakacheka. Ningefanyaje? Nikasema nataka la kati.

Sasa nguo. Raba nilikuwa nazo, za kuendea harusini. Bukta nilinunua kwenye mtumba kabla ya safari, nyeusi, inavutika, muuzaji kaniapia kwamba wanamichezo wote wa Ulaya wanavaa hiyo. Ilikuwa na kisponji kinene makalioni. Nikajua ni kwa ajili ya kukalia ukichoka. Shemeji aliponiona alfajiri alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Shem, baiskeli umeiacha wapi?" Sikumwelewa. Nilielewa baadaye sana, na wala haikunisaidia. Tena bukta yenyewe haina mfuko. Hela nikaiacha chini ya mto.

Tukatoka. Mama mkwe naye alikuwa anatoka muda huohuo, mkungu wa ndizi kichwani, anawahi gulio la Tengeru. Namshukuru Mungu giza lilikuwa bado, akaniona kichwa tu. Nikamwamkia, nikateremka.

Maana kwenda ni mteremko mtupu. Hapo ndipo wanapokukamata. Nikajiona mwanariadha. Nikamkumbuka Filbert Bayi, mwaka 1974 kule Christchurch, alivyochomoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, akakaa hukohuko mpaka rekodi ya dunia. Nikasema kumbe mbinu ni rahisi, ni kutangulia tu. Nikatangulia. Nikawapita shemeji na wenzake kwa mbwembwe, nikawapungia. Tulipovuka lami pale Tengeru nilikuwa nimeshaacha kupunga. Tulipofika geti la ziwa nilikuwa napumua kama mashine ya kukoboa mpunga, na mazoezi yenyewe hata hayajaanza. Ile ilikuwa njia ya kuendea mazoezini.

Kuna mtoto wa shemeji, yuko kidato cha pili, anatufuata kwa ndala. Kwa ndala, jamani! Anakimbia huku anaongea. Akaanza kunifundisha. "Baba mkubwa, hapa ni karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Msukumo wa hewa umepungua, kwa hiyo ukivuta pumzi, oksijeni inayoingia ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar. Mwili ukikaa huku wiki kadhaa unaongeza chembe nyekundu za damu." Nikamuuliza kama mtu anaweza kuzinunua. Akasema hapana. Nikamuuliza wanaokaa Dar wana chembe ngapi. Akasema, "Za kukaa Dar, baba mkubwa." Nikaacha kuuliza, nilikuwa natumia hewa ambayo sina.

Ziwa lenyewe zuri, sitaki kusema uongo. Dogo, halifiki hata kilomita moja ya mraba, limekaa ndani ya kreta ya volkano ya zamani, msitu wa hifadhi umelizunguka. Nikatafuta mto unaoingia ili nipate sababu ya kusimama nishangae. Hakuna. Hauingii mto, hautoki mto, maji yanapenya chini kwa chini. Sasa nitasimama nikishangaa nini? Nikawashangaa kima juu ya miti. Kima nao wakanishangaa. Mmoja akamwita mwenzake, wakaja watatu.

Na hicho kijia. Kwa macho unasema ziwa liko bapa, basi na njia yake itakuwa bapa. Wapi! Kinapanda, kinashuka, mizizi imejitokeza mpaka unaombea lami. Ukiwa juu unayaona maji kule chini, ukiwa chini unaiona njia kule juu. Akapita mama mmoja wa makamo, kavaa fulana ya mbio za Kilimanjaro, akasema, "Pole, kaka." Wakapita mabinti wawili wanapiga stori za mikopo ya chuo. "Pole, shikamoo." Shikamoo! Akapita mzee mwenye fimbo. Huyo hata hakuwa anakimbia, alikuwa na haraka zake tu.

Mara nyuma yangu shemeji akapaza sauti: "Kenge!"

Nikasimama. Kuniita mjamzito nimevumilia. Kucheka bukta yangu nimevumilia. Nikageuka nimkabili, nikamwambia, "Kenge mwenyewe!" Akanionyesha kwa kidole mbele ya miguu yangu. Kweli. Kenge hasa, wa ziwani, mkia pekee una urefu wa mguu wangu, kajinyoosha anaota jua la asubuhi. Sijui nilirukaje. Najua nilipotua: kwenye mzizi, kwa kalio la kushoto, pale kisponji kilipoishia. Kenge akaondoka zake taratibu, hana habari na mtu.

Nikiwa pale chini nikamfikiria John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, Mexico City, naye juu mlimani, alianguka kwenye marathoni, goti likaumia, likafungwa bandeji, akainuka akamaliza wa mwisho, saa nzima na zaidi baada ya mshindi. Tanzania inamheshimu mpaka leo. Nikatafakari. Nikaona hiyo heshima wamwachie yeye. Nikauliza, bodaboda inafika hapa? Wakacheka. Nikauliza mtumbwi. Wakacheka zaidi, ingawa mitumbwi ipo, watalii wanapiga nayo makasia pale.

Shemeji akaniambia nirudi polepole, wao wanaongeza mzunguko mwingine. Nikarudi. Pale lami nikamwita bodaboda. "Twende Akheri, nitakulipa nikifika." "Kwa nani, mzee?" "Kwa mama mkwe." Akaniangalia kuanzia raba, akapanda mpaka kwenye bukta, akakomea hapo. Akawasha pikipiki, akaondoka peke yake.

Basi, mlima wa kurudi. Hatua tano, napumzika. Hatua nne, napumzika. Nashika mti, nauachia, nashika mwingine. Jua limeshatoka, njia imejaa watu wa gulio, kila mtu ananisalimia kwa sababu huku salamu hairukwi, na kila salamu inataka pumzi. Ndipo nikasikia kandambili nyuma yangu, pa, pa, pa, mwendo wa mtu asiye na shida. Nikageuka.

Mama mkwe. Kauza mkungu wote, kanunua unga, chumvi na sabuni, kajitwika, anarudi. Tulitoka nyumbani pamoja, kumbukeni. Alphonce Simbu mwaka 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03. Mimi na mama mkwe tulitofautiana gulio zima.

Na mimi nipo na ile bukta. Mchana kweupe. Imebana, imelowa, nyuma ina sponji lenye tope. Mbele ya mama aliyenizalia mke! Kwetu Uzaramoni mtu anahama mkoa kwa jambo hili. Nikajaribu kujificha nyuma ya mgomba. Mgomba mwembamba, mimi siyo. Nikataka kusema shikamoo, ikatoka "shi". Nikavuta hewa pungufu, ikatoka "ka". Mama wa watu kasimama na mzigo wake kichwani, anasubiri imalizike. Ilipomalizika akaitika, "Marahaba, mwanangu," akiangalia Mlima Meru. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akaninyooshea bila kugeuka. "Jistiri, baba. Kuna baridi." Baridi! Natiririka jasho mpaka viatuni.

Nikajifunga. Akatangulia. Nikapanda mlima wa Akheri nimevaa kitenge cha mama mkwe, chenye picha za kuku na vifaranga, watoto wananisindikiza. Mke wangu alikuwa mlangoni, tayari anacheka, habari ilishafika. Nani kaipeleka, mimi sijui, maana kila aliyenipita alikuwa na nafasi.

Jioni nikakifua kitenge, nikakikunja vizuri, nikamtuma mke wangu akirudishe. Akaenda jikoni, nikasikia wananong'ona, akarudi nacho mkononi.

"Mama kasema baki nacho. Kamwita fundi cherehani, anakuja kesho kukushonea suruali ya mazoezi. Anauliza kiuno inchi ngapi, na kama kitambaa hakitatosha aongeze kingine."