Fisi na Kisima cha Mwaka 1728

Kiangazi kilipokaza, Fisi aliketi ukingoni mwa kisima cha kijiji akatangaza kuwa ni mali ya ukoo wake. "Karne ya 17 babu yangu aliishi hapa peke yake," alisema. "Kisima ni cha karne hiyo. Nani mwingine angekichimba?"

Ukingoni palichongwa mwaka: 1728. Sungura akasema hiyo ni karne ya 18. Fisi akawaita mbayuwayu wawili, waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya, wawe mashahidi.

Wa Uswidi akasoma, akasema, "Kwetu mwaka huu umo katika mamia kumi na saba."

"Kumi na saba! Mmesikia?" Fisi akadakia.

Wa Italia akasema, "Kwetu ni Mia Saba. Ile elfu huachwa, kila mtu anaijua."

"Kumbe ni kikongwe zaidi!"

Njiwa wa msikitini akasema kwa Hijria ni karne ya 12. Fisi akacheka, "Kila shahidi ananisogeza karibu na babu!" Swala, koo zimewakauka, wakaanza kufunga mizigo.

Ndipo Mzee Kobe akasimama. "Bwana Fisi, mashahidi wamesema kweli, unayewachanganya ni wewe. Hesabu ya miaka ya Kristo haina mwaka sifuri. Karne ya kwanza ni mwaka 1 hadi 100, ya pili ikaanza 101. Ndiyo maana karne ya 18 ni 1701 hadi 1800. Katika majina waliyotaja Mswidi na Mwitalia, hakuna anayeuliza karne ni ya ngapi, huitwa kwa mamia yanayosomeka katika mwaka wenyewe. Hijria nayo huanzia Mtume alipohamia Madina, mwaka 622, na mwaka wake hufuata mwezi, hivyo ni mfupi kwa siku kama 11. Majina ni manne, mwaka ni mmoja. Haya, babu yako alichimba mwaka gani?"

Fisi akataja karne. Akaulizwa mwaka, akataja karne tena. Alipoulizwa mara ya tatu, alishuka ukingoni akaenda zake.

Baraza likaweka sheria: anayedai haki kwa karne ataje na mwaka, na aseme anafuata hesabu ya nani. Wingi wa hesabu haujamnyima mtu maji. Anayenyima ni yule anayechukua tarakimu ya mwenzake na kuisoma kwa hesabu yake mwenyewe, pale panapomletea faida.