Bahari ya Sebuleni

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimeoga bahari ya Raskazone kabla sijaota meno ya pili, nimetembea juu ya mwamba maji yakiwa yametoka, nimechokonoa pweza mapangoni, na katika miaka yangu hamsini na mbili bahari haikuwahi kunipeleka hospitali hata siku moja. Aliyenipeleka hospitali ni shemeji yangu.

Shemeji alipata kazi Muscat. Siku mbili kabla hajapanda ndege alikuja na vijana sita wenye vifua, wakapandisha ngazi hadi kwangu, ghorofa ya pili, tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. "Shemeji, ni miezi mitatu tu," aliniambia, huku akimtazama dada yake, kwa sababu anajua nyumba hii nani mwenye kukubali mambo. Huu ni mwaka wa pili.

Tangi linachukua lita 400. Wageni wakija husema mashallah, linapoza macho. Mimi nikilitazama naona kilo 410, maana maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba, tena hapo sijahesabu kioo, mawe na mchanga. Usiku nikisikia sakafu inalia krr, namuwaza jirani wa chini na mahali alipoweka kitanda chake.

Kila Jumamosi lita 60 zinatoka na lita 60 zinaingia. Hayo ni madumu matatu, kwa ngazi. Na maji yenyewe, jamani! Naishi mwendo wa dakika kumi kutoka Bahari ya Hindi, lakini shemeji kasema maji ya hapo hayafai, yako karibu mno na mji na yamebeba mambo ya mji. Kwa hiyo nanunua chumvi ya bahari ya unga, ya ndoo, iliyosafiri kutoka ng'ambo, naikoroga kwenye maji yaliyochujwa, gramu 35 kwa kila lita, kama mtu anayempikia mgonjwa uji. Kilo mbili na zaidi kila wiki. Marehemu bibi yangu angesikia mjukuu wake ananunua bahari, angeniitia mtu wa kunisomea.

Mgongo ndio uliotangulia kulalamika. Sasa najaza dumu nusu na kupanda mara sita. Baada ya mgongo likafuata tumbo. Nilikuwa natoa maji machafu kwa mpira, navuta kwa mdomo kama madereva wa malori wanavyovuta dizeli, na siku moja nikameza funda zima. Kuhusu siku mbili zilizofuata nitasema tu kwamba maji yale yana haja za samaki wote na vijidudu vya ukoo mmoja na kile cha kipindupindu, na kwamba mlango wa choo chetu una kitasa kibovu. Siku hizi nauzamisha mpira wote mpaka ujae, naziba ncha kwa kidole gumba, nautoa nje, naachia. Maji yanashuka yale yale, bila kupitia kwangu.

Tuje kwenye umeme. Tangi lina pampu mbili, taa, kichujio na feni, kwa kuwa maji yakizidi joto la nyuzi 30 matumbawe yanaanza kupauka nami naanza kupigiwa simu kutoka Muscat. Vyote vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyolala sakafuni chini ya tangi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba maji ya chumvi hayamwagiki tu, hupanda pia. Yanaruka matone, yanakauka, yanaacha ukoko mweupe unaotambaa kwenye waya kidogo kidogo hadi soketini, na ukoko ule ukipata unyevu unapitisha umeme. Asubuhi moja, peku, sakafu ina majimaji, niliingiza mkono, na pale nilipokuwa nimejing'ata ukucha nikahisi kama sisimizi wanaingia chini ya ngozi. Nikautoa. Kisha nikaurudisha, kwa sababu mwanamume akishtuliwa mara moja lazima ahakikishe. Sisimizi wakaja na ndugu zao.

Fundi alikuta pampu moja imepasuka ganda. Akanitazama kama mtu aliyefika kwenye msiba halafu akaambiwa marehemu kaamka. Ekstensheni ikapandishwa ukutani. Kila waya ukaachwa uninginie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotembea juu yake lidondoke sakafuni. Akafunga na kidude kinachokata umeme ukivuja miliampia 30 tu. Akaniapisha: kabla mkono haujaingia, zima kila kitu. Nazima. Shida ni kuwasha. Kuna siku nilizima nikaenda kunywa chai, nikarudi jioni nikakuta samaki wote wako juu ya maji wanahema kama mimi na dumu la pili.

Kuna na kopo la chokaa, la kuyalisha matumbawe. Shangazi wa mke wangu, mla tambuu, alipoona bei yake alicheka mpaka akatema. Mimi nililifungua feni ikiwa inapuliza, na nikashinda robo saa nimeinamisha jicho chini ya bomba.

Sasa wakazi wenyewe. Kuna vitatange wawili. Kuna kangaja mmoja, mwenye kiwembe kila upande wa shina la mkia. Kuna na wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtoto anawaita Nemo. Walikuwa watatu, kabaki mmoja, maana shemeji alituachia pia yule mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo, mistari myekundu na myeupe mwili mzima, anayeelea polepole kama bwana harusi anayesubiri mpiga picha. Wazungu humwita samaki simba. Ana miiba 18 yenye sumu, 13 kati ya hiyo iko mgongoni, na anajua kwamba anayo. Wenzake wakiona mkono hukimbia. Yeye anainamisha kichwa na kukuelekezea mgongo.

Mjomba wangu wa Kigombe, mvuvi tangu ujana wake, alikuja kwetu kufuata matibabu ya macho. Akakaa kwenye kochi, akalitazama tangi kwa muda mrefu kwa lile jicho zima.

"Kitatange," akasema. "Huyu kwetu akiingia kwenye dema anapewa paka." Kisha akamwona bwana harusi, akapandisha miguu yote miwili juu ya kochi. Kioo kiko katikati yao, lakini miguu ikapanda. Mimi wakati huo nakunja mkono wa shati nikwangue ukungu.

"Mjomba, unaingiza mkono mtupu mle?"

"Hili ni tangi tu, mjomba."

"Sisi mwambani hatuendi bila katambuga. Na kule huyu ana bahari nzima ya kukukimbilia. Humu umemwachia njia gani?"

Sikupata muda wa kujibu. Bwana harusi alinichoma kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wa kushoto, na maumivu hayakukaa hapo. Yalipanda hadi kwapani kama mtu anayedai kodi ya nyumba. Nilitamka maneno ambayo mjomba, kwa heshima ya marehemu mama yangu, alijifanya hakuyasikia. Mke wangu akaja na siki. Kijana wangu akaja na mafuta ya nazi. Jirani, ambaye hakuna aliyemwita, akapendekeza mkojo, tena akajitolea.

"Maji moto!" akaamuru mjomba. Likaletwa birika linatoka mvuke, na mimi kwa uchungu ule ningezamisha mkono humo humo kama hakunishika. Akachanganya kwenye beseni, akapima kwa kiwiko chake kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Nikataka kupima mwenyewe. "Mkono uliochomwa hauulizwi," akasema. "Utakwambia bado baridi mpaka uive." Baadaye daktari aliniambia mzee hakukosea hata nukta: sumu ile ni protini, na joto la nyuzi 40 hadi 45 huivunja nguvu. Nilikaa na beseni mapajani saa moja na nusu, mjomba akiongeza maji moto kwa kikombe, bwana harusi akitutazama. Ndipo nikapelekwa kliniki kuangaliwa kama kuna ncha ya mwiba iliyobaki, nikapigwa na sindano ya pepopunda.

Nikanunua glavu ndefu za kufika begani. Watoto wananiita daktari wa ng'ombe.

Glavu zilichelewa lakini. Kabla yake nilikuwa nimejichubua gumba la kulia kwenye jiwe, mchubuko wa kawaida, hata plasta haukuistahili. Wiki tatu baadaye pakaota kipele. Duka la dawa wakanipa mafuta. Kipele cha pili kikatokea kifundoni, cha tatu katikati ya mkono, vimepangana kama watu wanaopanda ngazi. Shangazi akasema hilo ni jicho. Daktari wa kwanza akasema ni jipu. Wa pili, binti mdogo wa kunizaa, akaugeuza mkono mara mbili na kuuliza, "Mzee, unafuga samaki?"

"Siwafugi," nikamwambia. "Nimefungwa nao."

Kijidudu chenyewe kinaitwa *Mycobacterium marinum*, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Kilitambuliwa mwaka 1926 kwa samaki waliokufa katika akwariamu ya Philadelphia, Marekani, na hupenda joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana huishia mikononi na ni nadra kuingia ndani kwenye joto la mwili. Kinasubiri tu mchubuko. Nilimeza vidonge miezi minne, na mkojo wangu ukageuka rangi ya soda ya chungwa. Mke wangu akaandika kwenye kundi la ukoo: "Tumwombee baba, kapata TB ya samaki." Haiambukizi mtu kwa mtu, lakini nendeni mkawaelezee watu msibani. Mkono wangu ulibaki hewani kama kipeperushi ambacho hakuna anayekitaka. Kutoka Muscat ukaja ujumbe wa sauti: "Pole sana shemeji. Samaki wenyewe hawajambo?"

Hawajambo. Tena wakazi wa tangi wameongezeka, kwa maana jiwe moja limeota vitu kama vifungo vya shati, kijani kwa zambarau, vinavyofunguka mchana kama maua na kujifunga ukivigusa. Mke wangu anasema jiwe linanuka. Amesema litolewe, lichemshwe kwenye sufuria kubwa kama tulivyokuwa tukichemsha chupa za watoto, kisha lirudi likiwa safi.

Hapo ndipo nilipoacha kulalamika nikaanza kuogopa. Baadhi ya vifungo hivyo vina sumu iitwayo palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazotoka baharini, na kwa macho huwezi kujua kipi kinayo na kipi hakina. Ukivichemsha au kuvikwangua vikavu, sumu inaingia hewani na nyumba nzima inaivuta. Mwaka 2018, huko Oxfordshire, Uingereza, mtu alisafisha tangi lake la matumbawe. Yeye na familia yake wakaishia hospitali, na zimamoto waliokwenda kuwasaidia nao wakafuata.

Nimemwelezea mke wangu. Amenisikiliza vizuri sana, halafu akauliza kama nimemeza vidonge vyangu.

Kwa hiyo sufuria nimelificha. Liko chini ya kitanda, upande wangu, limefunikwa kwa kanga. Lakini Idi ni wiki ijayo, ndugu wa Tanga wanakuja na mjomba akiwemo, pilau limepangwa kilo kumi na mbili, na tangu asubuhi nasikia makabati ya jikoni yanafunguliwa moja baada ya jingine.