Boksi Linalodhani Dindira Iko Pwani

Mpwa wangu wa Dar es Salaam amejenga nyumba huku kwetu Dindira, milimani Usambara, kama wanavyojenga wote waliofanikiwa: nyumba nzuri, ya kulaliwa wakati wa sikukuu. Kazi ya kuitunza ikaniangukia mimi mjomba. Sikunung'unika. Kuwasha taa jioni naweza, kufukuza mbuzi naweza. Halafu akapanda ukoka mbele ya nyumba, na nyuma ya ukoka likaja boksi.

Limebandikwa ukutani. Linavuta taarifa za hali ya hewa kwa intaneti, linakadiria maji yanayopotea udongoni na majanini kwa jua, joto, upepo na ukavu wa hewa, kisha linafungua na kufunga koki lenyewe. "Mjomba, sasa utapumzika," aliniambia, kwa heshima zote.

Nipumzike wapi? Siku ya kulipangia ratiba lilinihoji kama karani wa sensa. Udongo ni wa mfinyanzi, tifutifu au kichanga? Kivuli kipo? Mmea gani? Orodha ya mimea ni ndefu, ila chai haimo, migomba haimo, iliki haimo. Mimea ya jangwani imo! Mteremko je? Chaguo la mwisho kabisa ni "mkali", na huo mkali wao sisi huku tungeuchongea uwanja wa mpira.

Sikatai, pana mahali lina akili. Kwenye mteremko halimwagi maji kwa mkupuo. Linamwaga kidogo, linasubiri yazame, linamwaga tena. Hata hesabu yake ina wenyewe: Mwingereza Penman aliianza mwaka 1948, mwenzake Monteith akaiongezea, na mwaka 1998 FAO wakaitolea mwongozo ambao dunia nzima inaufuata. Na Penman sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba hesabu ni ya huku, hewa inayopigiwa hesabu ni ya kwingine.

Maana boksi halina macho. Linachukua hewa ya kituo linachokiona karibu, nacho kiko Tanga mjini, baharini. Jambo hili tumelizoea redioni, ambako utabiri unatuweka kapu moja na Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Tunatahadharishwa kuhusu mawimbi makubwa huku tunatazama mashamba ya chai. Lakini mtu akitangaziwa mawimbi mlimani hucheka, akaenda zake shamba. Boksi hutii. Upepo wa Bahari ya Hindi ukifika kwenye milima hii ya Usambara hupanda, hupoa, na mzigo wote wa mvua hutua kwetu. Ukishuka Mombo unakuta vumbi na mkonge. Basi Tanga jua linawaka, Dindira mvua inapiga, na boksi linamwagilia ukoka katikati ya mvua. Majirani wanapita na miavuli yao wananipa pole, kana kwamba kuna mgonjwa.

Mpwa akaleta dawa: kihisi cha mvua. Ndani mna visahani vinavyovimba vikilowa, vikakata umeme wa koki mpaka vikauke. Unakipanga kikate mvua ikifika milimita 3, au ukitaka hadi 25. Sasa nani alimwambia kwamba Dindira kitu hukauka? Kipupwe ukungu unaingia mpaka kabatini, unavaa shati bichi unakwenda nalo msibani. Visahani vilivimba vikabaki vimevimba, na simu ya mpwa ikawa inamletea habari kila asubuhi kwamba huku mvua haijakatika. Akanipigia usiku: "Shikamoo mjomba, mko salama? Hakuna maporomoko?" Nilikuwa nimelala.

Mambo haya ya maji yana mtu wa kuulizwa, siku zote. Maji ya mserereko tunayotumia yana kamati, na Januari yakipungua mwenyekiti hupanga zamu. Akiipanga vibaya, akina mama wanamfuata mlangoni hajamaliza kunawa uso, na zamu hubadilika siku hiyo hiyo. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Usambara kutoka Vuga hadi kufa kwake mwaka 1862, watu waliamini mvua iko mkononi mwake, kwa hiyo ukame nao ulikuwa wake. Hata wakoloni, walipowalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta miaka ya 1950, walipata majibu yao: watu waligoma, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Boksi nikalisemee wapi? Nimelibonyeza, limeniandikia kwamba mtandao haupatikani.

Nimelizima. Ukoka unaendelea vizuri kwa mvua ya Mungu, na kiangazi nautazama kwa dirisha kabla ya kufungua koki yoyote. Mpwa wangu nimekwisha kumwambia, naye amesema fundi atakuja na programu mpya. Fundi asihangaike kupanda mlima. Ndugu zangu wa Handeni, ambako mvua kweli ni ya kuhesabiwa, mwenye bustani na mtandao wa uhakika aje alichukue boksi hili bure. Nauli ajitegemee.