Mwongozo wa Kumpeleka Mjomba Kisumu

Kutoka Nambale hadi Kisumu na kurudi, siku moja inatosha, mradi matatu ya kukodi iondoke alfajiri. Bebeni viazi vitamu na chai ya thamosi. Yule mtoto wa kutapika, ambaye yupo katika kila ukoo, akae dirishani. Watu watawatisha kwa viboko wa Dunga, ufuo wa ziwa pale Kisumu. Viboko mtawaona kwa mbali. Hatari yenyewe imekaa mbele, ubavuni mwa dereva, na imevaa kofia: ni Mjomba, na Mjomba anajua kila kitu.

Ataanza kabla hamjafika Bumala. Reli, atasema, ilikuwa ije kwetu Port Victoria, watu wa Kisumu wakaiiba. Msimbishie haraka, nusu ya hadithi ni kweli. Wapimaji wa Kiingereza waliilenga kweli Port Victoria, halafu ikaonekana njia ya Ghuba ya Winam ni fupi zaidi. Mwaka 1901 reli ikakomea Kisumu, siku hizo ikiitwa Port Florence. Mwizi, kama yupo, ni rula.

Maseno lazima msimame, kwa kuwa Ikweta inapita hapo. Kuvuka kuingia Uganda pale Busia mtaombwa vitambulisho; kuhama nusu nzima ya dunia hakuna anayewauliza kitu. Hapa Mjomba atatoa beseni alilolitoboa mwenyewe jana usiku. Atamimina maji upande huu, yazunguke kulia. Atavuka hatua kumi, yazunguke kushoto, na shangazi zenu watapiga makofi. Ninyi msitazame maji, tazameni kiwiko. Kabla ya kuachia tundu hulizungusha beseni kidogo tu, kama mtu anayepepeta mchele. Mzunguko wa dunia hupinda vimbunga vikubwa, lakini kwenye Ikweta nguvu hiyo karibu haipo, na ndani ya beseni haiwezi kamwe kushindana na kiwiko cha Mjomba. Mtoto wa darasa la sita akilitamka hilo, mjazeni kiazi mdomoni upesi.

Bandarini ombeni ruhusa langoni kwanza, na simu za picha zikae mfukoni hadi mwambiwe. Mkibahatika mtaiona MV Uhuru, meli ya 1966 yenye reli juu ya sitaha, ambayo humeza mabehewa mazima. Mjomba atadai ilipanda Mto Nile. La, iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa papo hapo Kisumu. Tena hiyo ilipata treni ya kuibeba. William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, ilitangulia reli, na vyuma vyake vilimalizia safari vichwani mwa wapagazi. Mimi humfikiria yule aliyebeba kipande kwa majuma bila kujua kama ni cha injini au cha choo cha nahodha.

Jumba la makumbusho, lililofunguliwa 1980, lina boma zima la Kijaluo, nyoka, mamba, na mbuta aliyekaushwa ambaye mkimwona mtaomba radhi kwa kila mbuta mliyewahi kumwita mkubwa. Mjomba atasema samaki huyo yumo ziwani tangu enzi za Nuhu. Aliingizwa miaka ya 1950, na samaki wengi aina ya fulu wakaishia tumboni mwake.

Dunga, agizeni ngege na ugali kabla ya kupanda boti, la sivyo mtangojea chakula hadi mbu waamke. Chagueni ngege mwenye miiba mingi na mumwekee Mjomba mbele. Hapo mtapata takriban dakika ishirini za kulitazama ziwa.

Mkifika Nambale usiku, Kukhu, yaani bibi, atauliza mmeona nini. Mwacheni mtoto mdogo ajibu. Wetu alisema kuna samaki mrefu kuliko Mjomba, tena mdomo wake uko wazi na hasemi kitu.