Vt, Tv na Herufi ya Tatu: Uainishaji Mpya wa Tabianchi kwa Matumizi ya Simiyu

Neno tabianchi tulilitunga vizuri kuliko wenzetu. Wagiriki walisema klima, yaani mwinamo, wakimaanisha pembe ambayo jua linaitazama dunia. Waarabu wakalichukua wakalifanya iqlimu, na al-Idrisi, alipomkamilishia mfalme Roger wa Sicily ramani yake mwaka 1154, aliigawa dunia katika iqlimu saba. Sisi tukasema nchi ina tabia. Na chenye tabia kinaweza kuwa karimu, bahili, chenye visirani, au mkopaji asiyerudisha. Ajabu ni kwamba baada ya kuipa nchi tabia, tuliendelea kuipima kwa herufi za Mjerumani.

Mjerumani mwenyewe ni Wladimir Köppen, mzaliwa wa St. Petersburg mwaka 1846, mtu wa mimea kabla hajawa mtu wa hewa. Siri ya mfumo wake iko hapo. Aliangalia mimea inakomea wapi, akatafuta kiwango cha joto au cha mvua kinachopita mahali hapo, akachora mstari. Mfumo ulitoka mwaka 1900, akaurekebisha mwaka 1918, na mwaka 1936, akiwa na miaka tisini, bado alikuwa anaukwangua. Kisha Rudolf Geiger akaupokea. Ramani za darasani zinazoipaka Tanzania rangi mbili tatu ni wajukuu wa kazi hiyo. Simdharau mzee. Mtu anayeusikiliza mti kabla ya kipimajoto, mji wowote wa Usukuma ungempa kigoda. Ila hakuwahi kukwama na baiskeli kwenye tope la mbuga ya Bariadi, hapa Simiyu, mwezi Machi, na kwa mtazamo wa makala haya hilo ni pengo kubwa katika elimu yake.

Kwa kanuni zake Bariadi ni Aw. A kubwa inasema kwamba hata mwezi wenye ubaridi kuliko yote, wastani wa joto haushuki chini ya nyuzi 18. w ndogo inasema ukame huja majira ya baridi. Hapa mtafiti anakuna kichwa. Tuko kama nyuzi 2.8 kusini mwa ikweta, jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na herufi ya kwanza imekwisha kutangaza kwamba baridi hatuna. Herufi ya pili basi inaikausha nchi katika majira ambayo ya kwanza imeyafuta. Nilikwenda kuhakiki kwenye kijiwe cha bodaboda, alfajiri moja ya Julai. Sampuli: madereva tisa. Wenye majaketi mazito: tisa. Mmoja alikuwa amejifunga na kitenge cha mkewe kichwani, lakini aliomba asiingizwe kwenye takwimu.

Herufi inayotisha ni B, ya nchi kavu, na hii haipatikani kwa kutazama kipimajoto peke yake. Chukua wastani wa joto wa mwaka, zidisha kwa 20. Kama asilimia 70 au zaidi ya mvua huja nusu ya mwaka yenye joto, ongeza 280. Kama mvua imetawanyika, ongeza 140. Jumla ndiyo mpaka: mvua ikipungua hapo, umeingia B. Tuseme wastani wetu ni nyuzi 23. Mara 20 ni 460. Mpaka unakuwa milimita 740 au 600, kutegemea mvua ilivyojigawa. Sasa Simiyu hupata kati ya milimita 600 na 900 hivi kwa mwaka, pungufu kusini, nafuu kaskazini. Maana yake mpaka wa savana na nusu jangwa haupiti Sahara wala Kalahari, unapita katikati ya boma la mtu. Mbuzi anayeswagwa kutoka Bariadi kwenda mnadani Meatu, kusini, huanza safari akiwa Aw, akaimaliza akiwa BSh, na bei yake haibadiliki hata shilingi. Mwaka wa mvua mstari unarudi kusini kwa aibu. Mwaka wa njaa unapanda hadi Dutwa kunywa chai.

Usidhani Kiswahili kimetuokoa. Masika, vuli na kipupwe ni maneno ya pwani, yaliyozoea kaskazi na kusi na majahazi, kisha yakapanda reli yakaja bara. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutuweka katika kundi la misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, pamoja na Mwanza, Shinyanga, Mara, Geita na Kagera. Kagera! Kuiweka Meatu kundi moja na Kagera ni sawa na kuwaita mapacha mtu na mjomba wake kwa sababu wote walihudhuria harusi moja.

Harusi yenyewe ni ziwa. Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata moto upesi, upepo ukavuma kutoka majini kwenda bara. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, upepo unageuka. Hewa kutoka pande zote inakutana katikati ya ziwa, inapanda, radi zinaanza. Kazi nzuri sana, isipokuwa upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, na huyasukuma mawingu hayo ng'ambo ya pili. Ndiyo maana Bukoba hupata milimita kama 2,000 kwa mwaka na migomba inakua bila kuombwa, ilhali sisi tulioketi upande wa mashariki tunabaki kuangalia umeme ukicheza kwa mbali. Busega, wilaya yetu yenye miguu majini, hupata makombo. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuyavuta maji ya ziwa kwa bomba kuja katika wilaya za Simiyu, jambo ambalo kwa lugha ya sayansi huitwa kusahihisha upepo.

Kutokana na udhaifu huu wote, makala yanapendekeza mfumo mpya. Una herufi mbili za msingi, V ya vumbi na T ya tope, kwa kuwa hizo ndizo hali mbili za hewa ambazo kiatu cha Msukuma wa Bariadi kinazitambua. Mpangilio wake ndio elimu. Vt ni mwaka ambao watu walingoja kwenye vumbi, tope likaja, likakaa. Tv ni mwaka ambao tope lilikuja mapema, watu wote wakaingia shambani na majembe na majembe ya ng'ombe, kisha vumbi likarudi kudai mali yake.

Wakosoaji watasema Vt na Tv ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Nawaomba waitazame Januari na Februari. Ule ukanda wa mvua unaolifuata jua, kwa kuchelewa wiki kadhaa kama harusi za kwetu, huwa umeteremkia kusini, uko Ruvuma na Mbeya na zaidi. Kwetu mvua hulegea. Kulegea huko kunaweza kuwa siku kumi, kunaweza kuwa arobaini. Siku kumi mahindi yanakunja majani mchana na kuyakunjua jioni. Siku arobaini, kinachofuata ni ng'ombe kuingizwa shambani wale kilichobaki. Halafu Machi mvua inashuka kwa hasira, inafidia, na mwisho wa mwaka kipimo kinasoma milimita 750, sawasawa na mwaka jana uliokuwa wa neema. Köppen anaandika Aw miaka yote miwili. Taarifa inasema mvua zilikuwa za wastani, na ghala linasema vingine.

Hapo ndipo inapoingia herufi ya tatu, mchango wangu mkuu katika fani hii: k ndogo, ya kurudia, inayofuatwa na namba. Huhesabu mara ambazo mkulima amerudi kununua mbegu msimu huohuo. Kituo chake cha vipimo ni duka la pembejeo, na chombo ni daftari la mkopo la mwenye duka, ambalo halijawahi kuharibika wala kukosa betri. Mwaka wa Vtk0 watu hawaonekani dukani hadi msimu ujao. Mwaka wa Tvk1 wanarudi mara moja, wamenuna. Mimi niliwahi kufika Tvk3, mahindi, mahindi, mtama, kisha dengu kwa kukata tamaa, na mwenye duka akaanza kuniita mwekezaji.

Ugumu unakuja mfumo ukikutana na udongo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeipa dunia, mwaka 1935, neno katena: udongo unavyopokezana kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni. Usukumani mnyororo huo ulikuwa na majina kitambo. Juu, chini ya mawe, luseni, mchanga mwepesi. Ukiteremka, ibambasi, gumu kama sakafu. Chini kabisa mbuga, nyeusi, inayopasuka kiangazi nyufa za kumeza mguu wa ndama, na masika kuvimba ikashika tairi. Mvua moja ya milimita 30 ikishuka kwenye kilima kimoja, luseni linaisahau ndani ya siku chache, ibambasi linaimwaga kama bati, mbuga inaitunza wiki kadhaa. Tabianchi tatu, kwa mwendo wa dakika kumi na tano, na zote chini ya wingu moja. Ndiyo maana mwenye akili hapa halimi mahali pamoja. Ana karanga na mihogo juu, pamba katikati, mpunga chini kwenye majaluba. Wachumi huita hiyo kugawanya hatari. Babu zetu waliiita kugawia watoto mashamba, na malalamiko yalikuwa mengi.

Mfumo umejaribiwa kwa sampuli mbili ngumu. Ya kwanza ni uwanja wa Nyakabindi, Bariadi, ambako maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika kuanzia 2018 hadi 2020. Agosti Bariadi ni V tupu. Upepo unapita na kila kitu kisichofungwa. Lakini ndani ya uzio kulikuwa na vipando: mahindi mabichi yenye urefu wa mtu, nyanya, mboga za majani, vyote vikimwagiliwa asubuhi na jioni. Kwa siku nane eneo lile lilistahili Af, msitu wa mvua, daraja moja na Kisangani. Tisa Agosti bomba likafungwa, na daraja likarudi.

Sampuli ya pili ni nyumbu. Zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti, na hawana kituo hata kimoja cha kupimia mvua. Desemba hadi Machi wako nyanda za kusini, huko zinakopakana na Pori la Akiba Maswa, wakila majani mafupi. Mvua ikikatika wanapandisha, na kufikia Mei na Juni wengine wako ukanda wa magharibi, si mbali na Lamadi. Sisi tumebaki na herufi, wao wamebaki na miguu. Uwiano wa uainishaji wangu na wa nyumbu ni mzuri, ila wao huondoka kabla ya k1.

Mapendekezo ya utafiti zaidi: michembe. Viazi vikikatwa vipande na kuanikwa juu ya mwamba vikakauka bila kuota ukungu, V imethibitishwa, na hakuna maabara iliyowahi kuupinga ushahidi unaotafunwa.

Kukamilisha kazi hii nilimwendea jirani, mayu (mama) mmoja ambaye upandaji wake hufuatwa na mtaa mzima: akipanda, wanapanda. Ilikuwa mwanzo wa Novemba, na usiku ilikuwa imepiga mvua nzuri, ya kelele. Mtaa wote ulikuwa umetoka na majembe. Nilimkuta ameinama shambani, mkono umezama kwenye udongo hadi kifundoni.

"Mwangaluka, mayu. Tunapanda?"

"Mwangaluka, mwalimu." Akautoa mkono, akautazama. Vidole vilikuwa na tope, kifundo kikavu na cheupe kwa vumbi. Akatazama kiya, mashariki, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akalifunika kopo la mbegu, akaingia ndani kulirudisha darini.

Nikafungua daftari nikaandika V. Herufi ya pili nimeiachia nafasi.